Tairi za Pikapu: Acheni Kununua Meno, Someni Ubavu

Leo naweka kompyuta kando kidogo tuzungumzie tairi, hasa hizi za pikapu zenye herufi A/T ubavuni, yaani za kupita njia za kila aina. Usinikimbie, msomaji wangu wa mambo ya teknolojia! Tairi nayo ni teknolojia, tena hubeba maelezo yake yote mwilini. Shida ni kwamba hakuna anayeyasoma.

Simama katika duka lolote la tairi Nairobi, Nakuru au Eldoret, usikilize. Mnunuzi ana maswali mawili tu: "Ni pesa ngapi?" na "Hamna zenye meno makubwa zaidi?" Akishaona meno kama ya mamba na maandishi meupe ubavuni, roho imetulia, pesa inatoka. Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na nasema huyu hana tofauti na mtu anayechagua kompyuta kwa sababu ina taa za rangi. Ila kompyuta mbaya haitakupindua pale Salgaa ukiwa na watoto ndani.

Tusome basi. Chukua 265/65R17 112T, saizi ya Hilux nyingi. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya huo upana. 17 ni rimu kwa inchi. T ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 190 kwa saa. Na 112? Hiyo ndiyo namba ambayo muuzaji hakutajii. Ni uzito: tairi moja inabeba kilo 1,120.

Sasa ukiuziwa tairi yenye 104 kwa sababu "inaingia tu", hiyo inabeba kilo 900. Kwa tairi mbili za nyuma umepoteza kilo 440, karibu mifuko tisa ya saruji. Pikapu inabebea mzigo wapi? Nyuma! Halafu tairi ikipasuka tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Tafuta pia herufi DOT. Mwishoni mwa msururu wake kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Haihitaji elimu ya chuo kikuu. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, na watengenezaji kadhaa, Michelin wakiwemo, hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikishatumika miaka mitano, na ing'olewe ikifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama meno bado yapo. Kwa hivyo tairi "mpya" iliyokaa stoo miaka sita si mpya. Imepakwa dawa ya kung'aa tu.

Kuna wale wa kuongeza saizi ili gari lisimame kibabe. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinapanda kutoka milimita 776 hadi 803. Ni hesabu ya mistari mitano ya programu, hata simu yako inaiweza. Ongezeko ni kama asilimia 3.4, kwa hivyo kipimo cha mwendo kikikwambia 100, wewe uko 103. Injini inasukuma gurudumu kubwa na zito zaidi, na breki ni zilezile zilizokuja na gari. Yote hayo kwa sababu ya picha?

Sasa turudi kwenye meno yenyewe. Meno makubwa maana yake ni mianya mikubwa, na mianya haishiki lami. Tairi zenye mianya mipana kwa kawaida hupiga kelele, hunywa mafuta, na kwenye lami yenye maji mara nyingi hukawia kusimama kuliko tairi nzuri ya H/T, ile ya barabara kuu. Na wengi wenu mnaishi juu ya lami, mkubali msikubali. Hata Isiolo hadi Moyale, safari iliyokuwa ikitingisha gari mpaka nati zinalegea, leo ni lami tupu. Andika kilomita zako za mwezi mmoja: lami ngapi, murram ngapi, matope ngapi. Ukipata lami ni tisa kwa kumi, A/T yenye meno makali si hitaji, ni pambo.

Najua mtaniambia: "Wewe unakaa mjini. Mimi nina shamba Mwea, udongo mweusi." Sawa, lakini udongo mweusi ukilowa hujaza ile mianya ya A/T baada ya mita chache, na tairi inabaki laini kama sahani. Pale panahitaji M/T, ile ya matope, au subira mpaka pakauke. A/T ina kwao: murram, mchanga, mawe. Ukienda Loiyangalani kila mwezi, kwenye mawe makali ya volkano, basi nunua A/T, tena ile yenye LT mwanzoni mwa saizi, iliyojengwa kwa mzigo. Ila ujue LT huhitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule, kwa hivyo namba ya kwenye mlango wa dereva huenda isitoshe. Uliza jedwali la mtengenezaji.

Na herufi A/T si hirizi. Agosti 2000, Bridgestone/Firestone ilitangaza Marekani kwamba tairi milioni 6.5 zirudishwe, nyingi zikiwa kwenye Ford Explorer. Majina yake? ATX na Wilderness AT. Meno yalikuwa yakibanduka gari likiwa mbioni. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa nazo. Kampuni mbili zikalaumiana, huyu akitaja tairi, yule akitaja gari na upepo mdogo wa PSI 26 ambao Ford ilikuwa imependekeza. Wenye magari walikuwa wameamini jina.

Kwa hivyo wauzaji, bandikeni tarehe ya kutengenezwa na namba ya uzito kando ya bei. Tunabandika tarehe kwenye maziwa, mbona si kwenye kitu kinachobeba familia nzima? Nanyi wanunuzi, kabla ya kutoa pesa, chuchumaeni msome mambo manne: saizi, uzito, mwendo, tarehe. Ikague kila moja, na spea pia. Muuzaji akinuna, duka la pili liko hatua kumi.