UCHANGANUZI: Lodwar na Marsabit ni majirani wanaotenganishwa na Nairobi

UKIPIMA kwa mstari ulionyooka, uwanja wa ndege wa Lodwar na ule wa Marsabit umetenganishwa na takriban kilomita 280. Ndege ndogo iendayo kasi ya kilomita 300 kwa saa ingeukamilisha mwendo huo kabla ya saa moja kwisha.

Hata hivyo, mtu anayetaka kusafiri kwa ndege ya abiria kati ya miji hiyo hulazimika kwa kawaida kushuka kwanza hadi Nairobi, takriban kilomita 510, kisha apande tena kaskazini kilomita 425. Safari ya kilomita 280 hugeuka kuwa ya zaidi ya kilomita 930. Saa tatu na ushei huishia angani, mbali na muda wa kungojea ndege ya pili. Anayeshika njia ya barabara naye sharti auzunguke upande wa kusini wa Ziwa Turkana.

Hali hii haikuzuka kwa bahati mbaya. Tangu enzi za ukoloni, njia za taifa zilichorwa kuelekea jiji kuu. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yaliyodhaniwa kuwa na rutuba na faida ya haraka. Kaskazini iliachwa ijikimu.

Gharama yake si ya nauli pekee. Mnamo Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi iliyotoka Nairobi ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walifariki, wakiwemo wabunge watano. Walikuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikizozana, miezi michache baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Huko Mandera, baada ya abiria 28 wa basi kuuawa mnamo Novemba 2014, walimu wengi waliotoka maeneo mengine waliogopa kurejea kazini. Kwao, ndege haikuwa anasa.

Wenye mashirika ya ndege watauliza: abiria wako wapi? Hoja hiyo ina uzito, kwa maana hakuna mfanyabiashara anayerusha viti vitupu. Lakini Marekani ilikumbana na swali lilo hilo, na tangu 1978 serikali yake huyalipa mashirika fidia ili yasiitelekeze miji midogo, ikiwemo ile ya Alaska.

Hebu tupige hesabu. Ndege ikitoka Lodwar hadi Marsabit, iendelee hadi Wajir, kisha itue Mandera, itakuwa imesafiri takriban kilomita 835. Mwendo huo, unaounganisha kaunti nne, ni mfupi kuliko safari ya sasa ya kutoka Lodwar hadi Marsabit kupitia Nairobi.

Tangu 2013 kaunti hizi zina bajeti zao. Zikishirikiana na Serikali Kuu kulipia safari hata moja kwa wiki, na viwanja vikapewa vifaa vya kupima hali ya hewa, wauguzi, walimu, wafanyabiashara na wazee wa amani wataweza kufikiana. Ugatuzi ulikusudiwa kuwaondolea wananchi mzigo wa kuifuata Nairobi kwa kila jambo. Haifai waendelee kuifuata hata wanapomtembelea jirani.