Lengalenga ya miiba: tuile kabla haijatushinda

Ndugu wakulima, mvua zikishika tu, kuanzia mwezi wa kumi, mashamba yetu ya Kiambi kando ya Luvua yanapata mgeni asiyealikwa: lengalenga ya miiba. Unalima leo, wiki mbili hazipiti, imeshafunika mistari ya mahindi na karanga. Wengine wanasema: dawa tu, tuipulizie yote ife. Sisi hatukubali, na tunaeleza kwa nini.

Kwanza, tuijue. Ilitoka Amerika, sawa na mahindi, muhogo na karanga. Basi ugeni peke yake si kosa. Kosa lake ni mbegu. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000, ndogo sana, nyeusi. Zinalala udongoni miaka, na jembe likizifunua zikaona mwanga, zinaota. Anayeiacha ikomae anawapandia watoto wake magugu.

Pili, ni chakula. Majani machanga yana chuma, vitamini A na protini. Tena yanaota wakati ghala limekwisha na mahindi mapya hayajaiva, miezi ile ambayo watoto wanakonda. Bukari tupu haimjengi mtoto. Kuua mboga kwa dawa ya kununua, halafu kwenda sokoni kununua mboga, hiyo ni hesabu gani?

Tatu, wamama. Mama anayetafuta mboga ya kujiotea huchuma hata katika shamba la jirani. Mwenye shamba akipuliza dawa bila kusema, majani yanaweza kubaki mabichi siku kadhaa. Mama atachuma, atapika, watoto watakula sumu. Hapo adui si majani tena, ni ukimya wetu.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Palizi ya kwanza ifanyike ndani ya wiki 3 tangu mahindi kuota, ya pili kabla ya wiki ya 6, maana huo ndio wakati majani yanayaumiza mahindi zaidi. Yaliyo machanga tuyachume, tuyachemshe, maji tuyamwage, ndipo tuunge kwa mawese au karanga za kusaga. Yenye maua tuyang'oe. Yenye mbegu tusiyatupe njiani wala kwenye mboji, tuyachome moto. Na wababa washike jembe pia: palizi si kazi ya mama peke yake. Anayeona lazima apulize dawa, awatangazie majirani kwanza na aweke alama shambani.

Kila koperative ilete jambo hili mkutanoni kabla ya mvua. Kanuni mbili zinatosha: katika shamba la mwanachama, lengalenga ya miiba isifike kutoa mbegu, na dawa isipulizwe kimya-kimya.