Kwa nini mvuvi wa Kizingitini alipie barabara ya V8?

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, wenye matatu hulalamika, wa tuktuk hulalamika, na sisi wenye vigari vya kusomewa dua ndipo viwake hulalamika pia. Sauti isiyosikika ni ya mvuvi, na yeye ana haki ya kulalamika kutushinda sote.

Ndani ya bei ya kila lita ya petroli au dizeli mna shilingi 25 za ukarabati wa barabara. Zilikuwa 18 hadi Julai 2024, serikali ikaongeza saba wiki chache tu baada ya vijana kujaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Pesa hizo hukatwa papo hapo kwenye pampu, na pampu haiulizi mafuta yanakwenda wapi. Mvuvi wa Kizingitini au Vanga akitia lita 20 kwenye mashine ya boti yake, ameshalipa shilingi 500 za barabara kabla hajang'oa nanga. Lami anayopita yeye ni maji ya chumvi.

Tuweke hesabu hiyo kando ya magari. Vitz ya cc 1000 ikitoka Mombasa kwenda Malindi, kama kilomita 120, itakunywa lita nane hivi. Hiyo ni tozo ya shilingi 200. Land Cruiser V8 ya dizeli, injini ya cc 4461, kwa ule mwendo wanaoujua wenyewe, tuseme itakunywa lita 20. Hizo ni shilingi 500. Basi mheshimiwa anayekwenda Malindi kufungua semina na mvuvi anayekwenda kutafuta changu na tafi wamechangia barabara sawasawa. Mmoja wao hajaikanyaga.

Nisieleweke vibaya. Tozo ya mafuta, kwa magari, ndiyo yenye uadilifu kuliko ada nyingine tulizonazo. Anayechoma zaidi hulipa zaidi, na moshi nao hufuata hesabu ile ile. Lita moja ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni, na ya dizeli kama kilo 2.7. Safari ile ya Malindi, Vitz itaacha hewani kilo 18 hivi, V8 kilo 54. Kaboni hiyo haibaki Nyali ilikotolewa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa, na samaki wa miambani wanategemea matumbawe hayo. Kwa hiyo mvuvi analipa mara mbili: pale pampuni, kisha kule baharini anapokosa samaki.

Sasa turudi kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, kwa sababu mle mlikuwa na kifungu ambacho kelele za mkate zilikifunika. Serikali ilitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake anapokata bima, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Watu wengi walikasirikia zile 5,000. Mimi kilichonikera ni zile 100,000. Piga hesabu mwenyewe: gari la shilingi milioni 4 linafikia kiwango hicho cha juu. La milioni 20 nalo lilipe 100,000 hizo hizo, yaani nusu asilimia. Huku chini, gari kuukuu la shilingi 100,000 lingelipa 5,000, ambayo ni asilimia tano. Kadiri gari linavyokuwa la anasa, ndivyo mwenyewe angetozwa kwa uwiano mdogo. Tena magari ya serikali kuu, ya kaunti, ya polisi na ya jeshi yote yalisamehewa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kifungu kile kiliondolewa, na mswada wote ukakataliwa na Rais tarehe 26 Juni. Lakini wazo la kutoza magari halikufa, na likirudi nahofia litarudi na dari lile lile.

Najua jibu la wenye magari makubwa, na lina ukweli ndani yake. Si kila gari kubwa ni la maringo. Nenda Tana Delta wakati wa mvua uone kama Vitz itakutoa. Mgonjwa wa huko anabebwa na Land Cruiser au habebwi. Pia wanasema wameshalipa: ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa gari lisilozidi cc 1500, na hupanda hadi 35 kwa petroli ya zaidi ya cc 3000 au dizeli ya zaidi ya cc 2500. Ni kweli, lakini hulipwa mara moja tu gari likishuka bandarini. Baada ya hapo gari litatembea miaka ishirini, na mengi ya hayo makubwa yanatembea Moi Avenue na Links Road, ambako hakuna tope la kuvuka.

Na kuhusu waheshimiwa, kumbukumbu zetu ni fupi. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, aliagiza mawaziri watumie magari yasiyozidi cc 1800, zikanunuliwa Passat. Wengine walinuna, mpango ukafifia, na leo misafara ya magari makubwa imezidi ya wakati ule. Mafuta ya misafara hiyo unayanunua wewe, tozo ikiwemo.

Kipimo cha haki tunacho hapa hapa. Likoni, mwenda kwa miguu anavuka bure, gari dogo linalipa kidogo, lori linalipa zaidi. 

Kwa hiyo ada ya magari ikirejea, ifuate uzito na ukubwa wa injini badala ya bei, isiwe na dari, na isisamehe gari lolote la serikali isipokuwa la wagonjwa, la zimamoto na ya ulinzi. Mvuvi naye arejeshewe shilingi 25 zake. BMU zina orodha ya boti na wavuvi wao, kwa hivyo mahali pa kuanzia papo. Mswada wa fedha hufikishwa bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi. Barua moja yenye mihuri ya BMU za Vanga, Shimoni, Kilifi, Kipini na Kizingitini, nakala kwa kila mbunge wa Pwani, inaweza kuandikwa wiki hii.