Ujuzi wa Madaktari Umfikie Mchumaji Chai

Saratani ya umio imewatesa wakazi wa Bomet na Kericho kwa miaka mingi. Ni jambo la kupongezwa kwamba madaktari wa Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937, hushirikiana na wenzao wa Tanzania na Malawi katika muungano wa AfrECC. Hata hivyo, ujuzi huo huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wachumaji chai, waliotoka jamii mbalimbali, huunganishwa na Kiswahili. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa walionya kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto yamkini husababisha saratani hiyo. Onyo hilo litamfaaje asiyelielewa? Hapana budi wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na madaktari kulifikisha mashambani kwa lugha nyepesi.