MAONGEZI YA JAMAA: Gitari mupya ao mashini ya kukamata sauti?



Magaribi moja kijana wa kwaya yetu alikuja kwangu. Akakaa kwenye kiti, kofia mu mikono. "Baba Pasta, niko na dola 200. Niliweka kidogo kidogo. Gitari yangu imezeeka. Lakini barafiki banasema niuze mashini ya kukamata sauti, tutengeneze nyimbo mu nyumba. Njo nini ya muzuri?"

Wewe, ndugu musomaji, ungemujibu namna gani? Mimi nilianza kwa kumuambia kosa langu. Niwaambie na ninyi.

Miaka ya nyuma kwaya yetu ilichanga feza kwa miaka mbili. Wamama waliuzisha karanga, vijana waliosha magari, tukafika dola 350. Mupiga gitari wetu alisema polepole: "Baba, hii gitari haiko sawa." Sikumusikiliza. Kwaya ya ngambo ya barabara ilikuwa na mashini, na mimi nilitaka tuwe na yetu. Tukanunua mikro, kaski ya masikio, na kale kasanduku kanakopitisha sauti mu ordinatere, wanakaita karte ya sauti.

Siku ya kwanza tukasikiliza. Sauti za wamama zilitoka muzuri kabisa. Lakini gitari! Karibu na kichwa chake ilikuwa sawa. Kijana alipopandisha vidole kwenye shingo, sauti ilipanda kupita waimbaji. Nikamugeukia mbele ya wote: "Wewe haukujifunza." Akaweka gitari chini, akatoka. Miezi sita hatukumuona.

Kumbe, fundi mumoja alipita kwetu. Akafunga jicho moja, akatazama shingo ya gitari sawa seremala anayepima ubao. Akauliza: "Hii ilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Nani aliweka nyuzi za chuma?" Alikuwa mimi. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu kupita za nailoni, na zilikuwa zimepinda ile shingo. Mashini haikudanganya. Mimi ndiye nilihukumu mutu asiye na kosa. Nilienda kwa wazazi wake, nikaomba musamaha mbele yao, sababu haya nilimupatisha mbele ya watu. Kijana alirudia. Miezi sita haikurudia.

Njo maana, mbele ya kufungua mufuko, ujue kwanza ni nini inakosa. Fanya hivi. Weka nyuzi mupya, sababu nyuzi zilizozeeka na kushika kutu zinapoteza sauti hata kwa gitari muzuri. Kisha hesabu vyuma vya shingo mpaka cha 12. Gusa uzi juu ya hicho chuma polepole, bila kukandamiza, upige, uondoe kidole: utasikia sauti nyembamba. Sasa kandamiza uzi pale pale, upige tena. Sauti mbili zikiwa moja, gitari yako ni nzima. Ya pili ikipanda kupita ya kwanza, nyuzi ziko juu sana ao shingo imepinda. Hata hapo usikimbilie duka. Gitari nyingi za nyuzi za chuma ziko na fimbo ya chuma ndani ya shingo, na fundi anaweza kuinyoosha kwa ufunguo. Akishindwa, basi, nunua gitari. Hakuna mashini itakayoponya gitari inayosema uongo. Itapeleka tu uongo mbali zaidi.

Lakini tusizarau mashini. Sisi watu wa Katanga tunajua habari ya Jean Bosco Mwenda. Katika mwaka wa 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, muji tunaoita leo Likasi, pamoja na mashini zake za kukamata sauti. Akakamata vidole vya yule kijana katika wimbo "Masanga". Mwenda hakuwa na mashini. Alikuwa na gitari na kazi ya kila siku juu ya nyuzi. Alikufa kwa aksida ya motokari katika Zambia, mwaka wa 1990. Vidole vyake tunavisikia mpaka leo. Gitari pekee haingefanya hivyo. Na mashini pekee ingekamata nini?

Ukiwa na gitari nzima na unataka mashini, angalia nyumba yako. Kuko mikro za nguvu ya volti 48 zinazosikia kila kitu: mvua juu ya mabati, jenereta ya jirani, mutoto anayelia. Mu nyumba zetu, mikro ya kawaida ile ya waimbaji, ukiiweka karibu, inasumbua kidogo. Tundika mabulangeti kwenye ukuta ili sauti isirudie. Programu ya Audacity ni ya bure, usidanganywe kuilipia. Na umeme ukikatika kila siku kwenu, hesabu hiyo pia, sababu gitari haiombi umeme.

Tulijaribu gitari ya yule kijana kwa nyuzi mupya. Kwenye chuma cha 12 ilikuwa sawa. Akacheka: "Basi niuze mikro!"

Nikamuuliza: "Nyimbo gani utakamata ya kwanza?" Akanyamaza. Nikamuuliza tena: "Kambo yako, ile mama muzee, angali anaimba zile nyimbo za mavuno?" Akasema: "Anaimba, Baba. Lakini sasa anakohoa sana. Na mu jamaa hakuna mwingine anayezijua."

Nikamuambia: "Telefone yako iko na mikro. Uifunge isipokee mutu, uiweke karibu na kinywa chake, ufunge mulango. Feza ingojee mwezi ujao."

Ni shauri ninalowapa ninyi pia. Gitari na mashini ziko mu duka, kesho mutazikuta. Wazee wetu hawako mu duka.

Yule kijana hakungoja kunywa chai. Alivaa kofia, akaenda.

Mubaki na amani, mpaka mwezi ujao.