Ukiumia Kazini, Usikubali Kuambiwa Haya

Mfanyakazi anapoumia katika Eneo la Viwanda la Nairobi, Athi River, Changamwe au kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, maneno yanayofuata huwa ni yale yale. Foroman huyasema, karani wa ofisi huyarudia, na wafanyakazi wenzake huyathibitisha kwa sababu nao waliambiwa hivyo zamani wakaamini. Nayajibu hapa kwa kuwa Kenya ina sheria inayohusu jambo hili, na karibu kila neno katika maneno hayo linakwenda kinyume nayo. Ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni 2008, ambayo wengi wetu tunaiita WIBA.

Neno la kwanza, na ndilo linalonyamazisha watu wengi zaidi, ni hili: “Ulijiumiza mwenyewe kwa uzembe wako.” Mkono umeingia kwenye mashine, na kabla majeruhi hajafika hospitali mtu ameshauliza nani alimruhusu kuondoa kifuniko, au kwa nini hakuvaa glavu. Mwenyewe anaanza kujilaumu, na mtu anayejilaumu hadai kitu. Lakini WIBA haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Ukiitafuta fidia hii, maswali ya msingi ni mawili: je, ulikuwa mwajiriwa? Je, ajali imetokana na kazi yako na imetokea ukiwa kazini? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, mwajiri anawajibika.

Upo mlango mmoja ambao mwajiri anaweza kupitia, nao ni mwembamba. Kifungu cha 10 kinasema mfanyakazi hapati fidia iwapo ajali ilisababishwa na ukorofi wake wa makusudi. Hata hapo, katazo hilo linahusu ajali ambayo haikuleta ulemavu mkubwa wala kifo. Isomeni vizuri sentensi hiyo. Aliyechoka baada ya zamu mbili mfululizo hajafanya ukorofi wa makusudi. Aliyesahau, aliyekuwa na haraka, aliyeteleza kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni, hao wote wamefanya yale ambayo binadamu yeyote hufanya. Na yule aliyeondoa kifuniko cha mashine kwa sababu kinapunguza kasi, huku msimamizi akidai idadi ya mizigo iongezeke kabla ya saa kumi, aulizwe kwanza alikuwa akimridhisha nani.

Kifungu hicho hicho kinagusa pia safari ya kwenda na kurudi. Mwajiri akiwapakia watu kwenye lori au basi lake awapeleke kazini, na gari hilo likapinduka, ajali hiyo inahesabiwa kuwa ya kazini.  Matatu uliyopanda mwenyewe kutoka nyumbani ni habari nyingine. Hiyo ina bima yake ya barabarani.

“Wewe ni kibarua tu, huna barua ya kazi.” Hili nalisikia zaidi kwenye mjengo na kwenye machimbo ya mawe, na linaniudhi kwa sababu anayelisema kwa kawaida anajua ukweli. WIBA inamtambua mwajiriwa kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara chini ya mkataba wa kazi, na inamjumuisha hata anayejifunza kazi. Mkataba huo si lazima uwe karatasi. Sheria ya Ajira, nayo ya mwaka 2007, inatambua makubaliano ya mdomo, na inamtambua kibarua anayelipwa kila jioni kuwa mwajiriwa. Kinachobaki ni ushahidi, na ushahidi upo kila mahali: jina lako kwenye daftari la getini, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha nani alikulipa na lini, picha mliyopigana mkiwa juu ya jengo, na wenzako walioshuhudia. Hifadhi jumbe hizo za malipo tangu siku ya kwanza. Simu ikipotea, omba taarifa ya akaunti yako ya M-Pesa.

Neno la tatu linakuja kwa sauti ya upole: “Tumekulipia hospitali, sasa tumemalizana.” Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, maana haki moja imetumika kuzifunika nyingine mbili. Matibabu ni wajibu wa mwajiri peke yake: kukufikisha hospitalini, daktari, dawa, upasuaji, hata kiungo bandia. Haki ya pili ni ujira wa siku ambazo huwezi kufanya kazi. Jeraha likikulaza siku tatu au zaidi, unastahili malipo yanayolingana na mapato yako, na malipo hayo yanaweza kuendelea hadi miezi 12. Ya tatu ni fidia ya ulemavu unaobaki hata baada ya kupona.

Hesabu ya hiyo ya tatu inajulikana, na ningependa kila mfanyakazi aijue kama anavyojua nauli ya kwenda kwao. Chukua mapato yako ya mwezi, zidisha kwa miezi 96, kisha chukua asilimia ya ulemavu ambayo daktari ameikadiria kwa kufuata jedwali la kwanza la sheria. Anayepata shilingi 25,000 kwa mwezi ana msingi wa shilingi 2,400,000. Daktari akikadiria ulemavu wa asilimia 20, fidia yake ni shilingi 480,000. Aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote mawili, jedwali linamhesabia asilimia 100. Sasa linganisha na bahasha ya shilingi 15,000 au 30,000 ambayo watu hupewa na kuambiwa washukuru. Tena angalia mapato yanayotumika katika hesabu. Ovataimu unayofanya kila mwezi, chakula na nyumba unayopewa na mwajiri ni sehemu ya mapato yako. Akihesabu mshahara wa msingi peke yake, mwambie ahesabu upya.

Bahasha hiyo mara nyingi huja na karatasi ya kutia sahihi, kisha baadaye unaambiwa: “Uliweka sahihi, umeachilia.” Jibu ni fupi. Makubaliano yoyote ambayo mfanyakazi anaachilia haki zake chini ya sheria hii ni batili. Sahihi yako haiwezi kufuta kile ambacho Bunge limekupa. Kama uliweka sahihi mwezi uliopita ukiwa na bandeji mkononi, nenda bado ukaripoti.

Nikae kidogo kwenye neno linalowaumiza watu kimyakimya: “Huu ni ugonjwa, haukuwa ajali, hatuhusiki.” Ajali ina siku, saa na mashahidi. Vumbi halina. Mchimba mawe hupumua vumbi la jiwe miaka kumi bila kuhisi chochote, halafu kikohozi kinaanza, anapewa dawa za kifua kikuu, haponi, anarudi kijijini. Mtu wa kiwanda cha nguo anapoteza usikivu polepole kiasi kwamba mkewe ndiye wa kwanza kugundua. Anayeyeyusha betri kuukuu anabeba risasi kwenye damu. WIBA inawataja watu hawa pia. Ina jedwali zima la magonjwa yatokanayo na kazi, na sumu za risasi na zebaki zimo humo. Mwajiri anawajibika kwa ugonjwa unaotokana na kazi kama anavyowajibika kwa kidole kilichokatika.

Ugumu upo kwenye kuuthibitisha, na sitaudogosha. Madaktari wengi hawaulizi mgonjwa anafanya kazi gani, na mgonjwa naye haoni sababu ya kusema. Kwa hiyo sema. Ukienda kliniki na kifua kinachobana, mweleze daktari kwamba unapasua mawe, au unanyunyizia dawa maua, au unasaga saruji, na uombe aandike hivyo kwenye faili. Mstari huo mmoja unaweza kuwa ndio ushahidi pekee miaka mitano baadaye. Vilevile kanuni za mwaka 2005 za uchunguzi wa afya zinawataka waajiri wenye kazi za hatari wawapime wafanyakazi wanapoanza kazi, kila baada ya muda, na wanapoondoka, kwa gharama ya mwajiri. Ule uchunguzi wa kuondoka ndio unaorukwa mara nyingi. Udai kabla hujarudisha buti na kadi ya getini. Anayedhani ugonjwa wa vumbi hauwezi kudaiwa baada ya miaka mingi aangalie Afrika Kusini: mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ambayo makampuni ya dhahabu yalitenga takribani randi bilioni 5 kwa ajili ya wachimbaji wenye ugonjwa wa silikosisi na kifua kikuu, wakiwemo waliofanya kazi tangu 1965, na familia za waliokwisha kufa.

Kuna neno lingine ambalo halitoki kwa mwajiri. Linatoka kwa broka anayekufuata hadi kitandani hospitalini: “Bila wakili na kesi kortini hupati kitu. Niachie mimi.” Kwa miaka mingi neno hili lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana bado linaaminika, na historia yake ni muhimu. Kifungu cha 16 cha WIBA kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa ajali ya kazini. Kinamtaka apitie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Mawakili cha Kenya kilikipinga mahakamani mwaka ule ule wa 2008, pamoja na vifungu vingine. Machi 2009 Mahakama Kuu ikavibatilisha, na kesi za majeraha zikaendelea kujaa kortini. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vifungu vingi, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala: njia ya kwanza ni kwa Mkurugenzi. Waliokuwa wamefungua kesi zao kabla ya uamuzi huo hawakuachwa njiani, na mwaka 2023 Jaji Mkuu alitoa maelekezo kuhusu kesi hizo.

Maana yake leo ni kwamba broka anayekwambia ukimbilie kortini na madai mapya anakupeleka kwenye mlango uliofungwa, na miezi inayoyoma. Unaanza kwa kumwarifu mwajiri, kwa maandishi au kwa mdomo. Yeye anatakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba. Ikiwa mtu amekufa, ndani ya saa 24. Asiporipoti, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya kazi iliyo karibu nawe. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuweka pingamizi, na baada ya hapo rufaa inakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo ndipo wakili ana kazi ya maana, na mtafute mwenye ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu yako.

Kuna sehemu moja ambapo broka ana haki ya kulalamika pamoja nasi. Mkurugenzi anaamua, mwajiri ana siku 90 za kulipa, siku hizo zinapita, halipi. Sheria haikuandika waziwazi jinsi ya kuutekeleza uamuzi huo kwa nguvu, na majaji wametofautiana kuhusu njia ya kufuata. Huo ni upungufu wa Bunge. Kumzuia mtu kwenda mahakamani, kisha kumpa uamuzi usio na meno, ni dhuluma, na marekebisho yake ni kifungu kimoja: uamuzi usiopingwa ndani ya muda uwe na nguvu ya hukumu ya mahakama.

Kuhusu waajiri wanaosema fidia zitafunga viwanda vyao, nawakumbusha kuwa kifungu hicho cha 16 ni zawadi kubwa waliyopewa. Mfanyakazi amenyang’anywa haki ya kudai mamilioni mahakamani kwa maumivu na uzembe. Naye amepewa kiasi kinachojulikana, bila kulazimika kuthibitisha kosa. Mwajiri asiyeripoti ajali anachukua nusu inayomfaa ya mapatano hayo na kuitupa nusu ya mwenzake. Tena mzigo wenyewe hugawanywa. Bima ya WIBA ipo sokoni. Tanzania Bara waliamua vingine kabisa: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 chini ya sheria ya 2008, huchangiwa na waajiri peke yao, na kiwango cha sekta binafsi, kilichoanza kwa asilimia 1 ya mishahara, kimeshushwa hadi asilimia 0.5. Viwanda vya Dar es Salaam havijafungwa kwa ajili hiyo. Mimi naona mfuko wa namna hiyo unamfaa zaidi mfanyakazi kuliko kumwacha amtafute mwajiri ambaye hakununua bima na ameshahamisha mashine zake.

La mwisho ni “Umechelewa.” Ajali isipoarifiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea, na madai yenyewe yanatakiwa yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au kifo. Lakini kutoandika ripoti hakukunyimi fidia ikithibitika kwamba mwajiri alijua kuhusu ajali kwa njia nyingine. Kama msimamizi ndiye aliyekuinua sakafuni, kama gari la kampuni ndilo lililokupeleka hospitali, kama daftari la huduma ya kwanza lina jina lako, basi mwajiri alijua. Ambaye mwaka wake haujaisha aende ofisi ya kazi wiki hii, akiwa na kadi ya hospitali, jumbe za malipo na jina la mtu mmoja aliyeona.