Mlaji Mkubwa wa Nishati Yuko Jikoni, Siyo Kiwandani

Jamani, ukitaka kumpima Mtanzania aliyekwenda shule, mwulize ni sekta gani inayokula nishati nyingi kuliko zote nchini. Atakujibu haraka kwamba ni viwanda. Mwingine atataja migodi ya Geita, au maofisi ya Posta yenye viyoyozi. Wote watakuwa wanakutajia umeme, wakati swali lilihusu nishati. Hapo ndipo tunapopotea.

Hesabu za nishati za nchi hii zinasema jambo moja mwaka hadi mwaka. Zaidi ya robo tatu ya nishati tunayotumia inatokana na kuni na mkaa, na sehemu kubwa ya hiyo inaishia kwenye sufuria za majumbani. Viwanda na usafirishaji vinafuata kwa mbali. Umeme, huo unaotufanya tutukane mtandaoni ukikatika dakika kumi, ni kipande kidogo tu cha keki.

Njoo Ngerengere uone nchi mbili zikipishana. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inapita hapa ikitoka Dar kwenda Morogoro, na stesheni imejengwa. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka huo huo. Tumepiga picha na kupongezana, na sina ubishi, ni kazi kubwa. Lakini toka stesheni uingie vijijini. Utakutana na baiskeli na bodaboda zimelemewa magunia ya mkaa, na mwanamke ana mzigo wa kuni kichwani. Hiyo ndiyo sekta kuu ya nishati ya Tanzania. Haina mkurugenzi wala hakuna anayeikatia utepe.

Sasa naomba tusiwaonee watu wa Ngerengere. Mchoma mkaa ni mzalishaji tu, soko liko mjini. Dar es Salaam peke yake imekadiriwa kwa miaka mingi kula kama nusu ya mkaa wote wa nchi. Kwa tanuri la asili la udongo, tani moja ya mkaa inahitaji tani tano au zaidi za miti. Kwa hiyo msomi wa Sinza anayechemsha maharage kwa mkaa wa kopo anachoma msitu mara tano ya anavyodhani. Halafu jioni anaandika kwamba wanakijiji hawana elimu ya mazingira, huku maji anayonywa yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Ajabu kweli!

Serikali nayo imechangia upofu huu. Kwa miongo mingi mkaa umeshughulikiwa kama zao la msitu. Ushuru na vibali viko kwa watu wa Maliasili, wakati Wizara ya Nishati inahesabu megawati. Januari 2006 mkaa ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo haikumaliza mwezi. Unazuiaje chakula cha jioni cha mamilioni ya watu bila kuwapa moto mwingine?

Nakubali mambo yameanza kubadilika. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri sana. Ila naona tunaanza ugonjwa wetu wa zamani wa kugawa mitungi ya gesi mbele ya kamera. Mtungi wa bure ukiisha, nani anaujaza? Mama lishe ananunua mkaa wa kopo moja kwa fedha ya leo. Gesi inamtaka awe na fedha nyingi kwa mkupuo. Mkaa unashinda kwa sababu unapimika kwa mfuko wa maskini.

Na umeme je? Sufuria ya umeme ya presha inaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Lakini mteja mdogo akivuka uniti 75 kwa mwezi anapoteza bei nafuu. Yaani tunamwambia mtu aache mkaa, kisha anapoanza kupika kwa umeme tunamwadhibu!

Madai yangu ni matatu. Mpikaji awe na bei yake ya umeme. Gesi iuzwe kwa kipimo kama mkaa unavyouzwa. Na kila waziri wa nishati akisimama bungeni, aanze na jiko kabla ya megawati, kwa sababu ndilo mteja wake mkubwa.

Tusipofanya hivyo, treni itaendelea kupita Ngerengere kwa umeme, na wali wa abiria wake utaendelea kupikwa kwa miti ya Ngerengere.